Jogoo la Pili

Nyumbani kwangu siku hizi mtu hakasiriki. Anapandisha homoni.

Haya yalianza Februari, alipohamia kwetu binti wa dada yangu. Yuko chuo kikuu mwaka wa tatu, anasoma wanyama. Nilimuuliza wanyama gani, nikiomba Mungu aseme ng'ombe, maana kijijini tuna ndama wawili wanaohitaji msomi. Akasema, "Wote, Mjomba. Na watu wamo." Somo lenyewe, alivyonieleza, ni namna homoni na ubongo vinavyoendesha tabia: kwa nini jogoo anapigana, kwa nini panya jike anawalamba wanawe, kwa nini mtu mzima mwenye akili zake anapiga honi kwenye foleni na taa nyekundu anaiona. Nikamwambia hongera, soma kwa bidii. Sikujua kwamba maabara ni sebule yangu, na mnyama wa kwanza kwenye daftari ni mimi.

Mfano mmoja tu. Jumatatu nimerudi kutoka Posta hadi Tabata nimesimama kwenye daladala, mguu mmoja chini, mwingine juu ya ndoo ya samaki ya mama mmoja ambaye alinitazama njia nzima kama mwizi. Naingia ndani, umeme umeisha, na harufu ya pasi bado iko hewani. Nikauliza nani aliyekuwa anapasi, kwa ile sauti ambayo marehemu baba yangu alikuwa akiitumia sisi tunakimbilia uvunguni. Mpwa wangu aliinua kichwa, akanitazama kwa huruma ya daktari wa mifugo, akasema, "Mjomba, hiyo ni kotisoli. Kaa kwanza, unywe maji."

Hebu fikiria. Hasira nimepanda nayo daladala, nimeshuka nayo, nimeibeba kwa mguu kutoka kituoni, nauli nimelipa mwenyewe. Halafu naambiwa mwenye hasira ni tezi mbili zilizokalia figo zangu. Na mpaka leo haijajulikana lile shati lilikuwa la nani.

Usiku, wakati wa kula, akaona anifariji kwa historia. Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen, Ujerumani, mtaalamu mmoja aitwaye Arnold Berthold alichukua majogoo wadogo sita akawatoa korodani. Alilitamka neno hilo mbele ya wali na maharage, mbele ya mjomba wake, kama mtu anayeomba kijiko. Punje ya wali ikanipita njia ya hewa. Mke wangu akawa ananigonga mgongoni huku akimwambia, "Endelea, mwanangu."

Akaendelea. Majogoo wawili waliachwa hivyohivyo. Wakapoa. Ule upanga mwekundu wa kichwani ukagoma kukua, hawagombani na mtu, tetea anapita hawageuzi shingo. Wale wanne waliobaki Berthold aliwarudishia, lakini mahali pasipo pake: tumboni, katikati ya matumbo, mbali na mishipa ya fahamu iliyokuwa imeshikamana nazo. Wawili kati yao aliwabadilishia kabisa, ya huyu akampa yule. Wakakua majogoo kamili: wanawika, wanachapana, wanafukuza matetea ua mzima. Akahitimisha kwamba kuna kitu kinatoka pale, kinaingia kwenye damu, kinakwenda kuusemesha mwili wote. Kitu hicho kilikaa miaka mingi bila jina, hadi mwaka 1905, Ernest Starling alipotoa mihadhara yake London na kukiita homoni, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea.

"Kuchochea," nikasema. "Kumbe hata Wagiriki walikuwa na majirani."

Usiku ule nililala nikimheshimu jogoo wangu kwa mara ya kwanza. Heshima ilidumu mpaka saa kumi kasorobo.

Nina jogoo mmoja na matetea wanne ua wa nyuma. Jirani naye ana wake. Uzio kati yetu ni wa michongoma na kuaminiana, vitu viwili ambavyo kuku hawavitambui. Mchana kutwa wanachakura pamoja kwangu, kisha wanahamia kwake, kama wajumbe wa kamati. Sasa saa kumi kasorobo kila alfajiri anawika wa jirani. Unahesabu mpaka tano. Anawika wangu. Kisha wanapokezana mpaka adhana, na mimi nakodolea macho dari. Alfajiri ile nikatoka chumbani nikatangaza koridoni kwamba Jumapili huyu wangu anakutana na ndimu na tangawizi.

Mlango wa mpwa wangu ukafunguka. "Si kosa lake, Mjomba. Ana saa mwilini." Akanieleza kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika, hakuna usiku wala mchana, na bado wakawa wanawika kwa mpangilio wa siku. Matokeo yakatoka mwaka 2013. Jogoo haoni alfajiri ndipo akawika; alfajiri anayo ndani.

"Basi aanze yeye, nijue moja," nikasema. "Siyo mwenzake aanze, yeye aitikie."

Akanyamaza, kama daktari aliyeona picha ya eksirei na hajui aanzie wapi. "Wako haanzi, Mjomba?"

"Anaanza wa jirani. Kila siku."

"Mwaka 2015," akasema polepole, "walewale wa Nagoya waligundua kwamba katika kundi anayewika kwanza ni mkubwa wao. Wengine wanafuata kwa ngazi."

"Kwa hiyo wangu..."

"Ni wa pili, Mjomba."

Wahenga walihesabu alfajiri kwa jogoo la kwanza na jogoo la pili, nami umri wangu wote nilidhani hizo ni saa. Kumbe ni vyeo. Miaka miwili nimenunua pumba, nimejenga banda, nimechanja dhidi ya kideri kwa pesa yangu, na ninafuga msaidizi.

Ningependa kusema nililipuuza jambo hili. Lakini wiki ileile mkuu wa kitengo chetu alisafiri kwenda semina, nami kwa siku tisa nikakaimu. Ofisini, kwa kawaida, mimi ni mtu wa "Sawa, mkuu." Nalisema kwa sauti nyembamba inayopitia puani, na mgongo unajikunja wenyewe bila kuagizwa. Barua ya kukaimu ilifika mezani saa tatu asubuhi. Saa tatu na robo nilikuwa natembea katikati ya korido. Sauti ikashuka kifuani. Mtu akileta shida, badala ya kumsaidia, nasema, "Tutaliangalia." Nikamrudishia karani barua kwa ajili ya mkato mmoja. Suti niliyokuwa nimeitunza kwa harusi za ndugu wa karibu na misiba ya wakubwa ikaanza kuvaliwa Jumanne. Nyumbani nikakataa chai isiyo na tangawizi.

Siku ya kumi mkuu akarudi. Kufika adhuhuri, sauti ilikuwa puani.

Nilimsimulia mpwa wangu nikitegemea pole. Badala yake akaruka kwenye kochi. "Mjomba, wewe ni samaki!"

Kwetu ni Kigoma, kwa hiyo kuitwa samaki si tusi la kupelekana kwa mjumbe. Nilitaka tu kujua samaki gani. Nikadhani atasema kuhe, samaki mwenye hadhi yake. Akasema ni kisamaki cha urefu wa kidole kinachokaa pembezoni mwa Ziwa Tanganyika, wataalamu wanakiita Astatotilapia burtoni. Dume mwenye eneo lake anang'aa bluu au njano, na usoni ana mstari mweusi unaopita jichoni kama wanja. Dume asiye na eneo ana rangi ya tope. Anaogelea na majike, hazai, anajifanya hayupo.

Watafiti, na hasa Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wamewachunguza hawa kwa miaka mingi. Wanamtoa bwana mkubwa kwenye tangi usiku, gizani. Asubuhi taa inawaka. Yule wa rangi ya tope anatazama huku, anatazama kule, kiti kiko wazi. Ndani ya dakika chache rangi inampanda, wanja unatokea, na anaanza kuwafukuza wenzake ambao jana tu alikuwa amejificha nao. Siku zinavyokwenda, seli fulani ndani ya ubongo wake, zile zinazotoa amri ya kwanza katika msururu wa amri unaoishia kwenye korodani (neno lile tena, safari hii mbele ya chai), zinavimba kuwa kubwa mara kadhaa. Sasa mchukue umhamishie kwenye tangi lenye mabwana wakubwa kuliko yeye. Rangi inafifia, na seli zile zinanywea.

"Watu wanadhani homoni ndiyo inayompa mtu cheo," akasema mpwa wangu. "Cheo nacho kinampa mtu homoni. Vinapelekana, Mjomba."

Nikafikiri. Waliosema jogoo la shamba haliwiki mjini waliumaliza utafiti huu zamani, bila tangi wala ruzuku. Kisha nikapiga hesabu: kutoka barua hadi katikati ya korido, dakika kumi na tano. Nimekwenda sawa na samaki. Ila yeye ameandikiwa makala za kisayansi. Mimi hata posho ya kukaimu mpaka leo naambiwa iko kwenye mchakato.

Hata hivyo, mimi ni mtu wa kutafuta faida kwenye hasara. Nikasema, kama anayekasirika si mimi, basi wa kulaumiwa si mimi. Nikaiweka hoja hiyo akiba, nikisubiri siku ya kuitumia. Siku ikaja Jumamosi.

Ilikuwa mechi. Jina la timu nalihifadhi kwa sababu ukoo wetu una watu wa pande zote mbili na tunakutana misibani. Dakika ya 89 tukafungwa bao ambalo hata kipa wa shule ya msingi angelidaka kwa kofia. Mguu wangu ukapiga kigoda. Kigoda kikapiga meza. Juu ya meza zilikuwa glasi sita za mke wangu, zawadi ya harusi, zile ambazo wageni wa kawaida hawazinywei. Zikabaki mbili.

Kimya kikatanda. Nikaona huu ndio wakati wa elimu. "Mama," nikamwambia kwa upole, "usinilaumu mimi. Mwaka 1994, Brazil ilipoifunga Italia kwa penalti kwenye fainali ya Kombe la Dunia, kuna watafiti Marekani waliwapima mate mashabiki wa kiume, kabla ya mchezo na baada. Hawajagusa mpira, wamekaa wanatazama televisheni tu. Testosteroni ya mashabiki wa Brazil ilipanda. Ya Waitalia ikashuka. Umeona? Mwanamume ndivyo alivyoumbwa."

Mke wangu alikuwa ameinama akiokota vipande. Hakuinua uso. "Ya walioshindwa ilifanyaje?"

"Ilishuka."

"Na leo nyie mmeshinda?"

"Tumefungwa."

"Basi iliyovunja glasi zangu ni ipi?"

Nilimgeukia mpwa wangu anitoe kwenye shimo. Damu nzito kuliko maji. Akasema labda ni mambo ya nyani. Kuanzia mwaka 1978, Mmarekani Robert Sapolsky alikuwa akienda Kenya, nyika za Maasai Mara, kuwafuatilia nyani. Anawapuliza kimshale chenye dawa ya usingizi kwa bomba la mdomo, nyani akilala anamtoa damu na kupima homoni. Aliona kwamba kundi likiwa limetulia katika ngazi zake, wa chini ndiye anayekaa na kotisoli juu kutwa kucha. Aliona pia namna kipigo kinavyosafiri: mkubwa akichapwa anamgeukia wa kati, wa kati anamgeukia kijana, kijana anamgeukia jike, jike mkubwa anamgeukia mdogo.

"Hiyo ndiyo!" nikasimama. "Mimi ni wa chini! Nimechapwa ofisini, nimechapwa uwanjani, nikakigeukia kigoda. Sayansi imesema!"

"Haijamaliza," akasema mpwa wangu.

Hapo ndipo niliposhindwa kesi. Katika miaka ya 1980, kundi moja la nyani wale lilipata msiba. Madume wakorofi, walewale wenye ubavu wa kupigania chakula, walikuwa wanakwenda kugombea mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama ya pale ilikuwa na kifua kikuu. Wakafa. Wakabaki majike na madume wapole. Kundi likatulia, wakawa wanachambuana manyoya kuliko wanavyong'atana. Sasa dume wa nyani akibalehe huhama kwao, akajiunge na kundi geni. Miaka ikapita, wale wapole nao wakaondoka, pakawa pamejaa madume wageni waliokulia kwenye makundi ya kawaida ya ngumi. Na upole bado uko palepale. Wageni walifika, wakaona hapa mtu mdogo hapigwi ovyo, wakajifunza.

"Meno yaleyale, homoni zilezile," akasema. "Homoni inaongeza kuni, Mjomba. Kinachoiva ni kile mlichokibandika wenyewe."

Mke wangu akainuka na kizoleo mkononi. "Umesikia? Sufuria ni yako." Kisha akamgeukia mpwa wangu, kwa sauti ya mwanamke aliyegundua duka jipya. "Hicho kitu cha madume, mwanangu, kinashushwaje?"

Ningekuwa na akili ningetoka nje pale pale. Nilibaki, nikasikia yote. Kuna utafiti, akasema, uliochapishwa mwaka 2009, wa hapahapa Tanzania, kule kandokando ya Ziwa Eyasi. Waliwapima Wahadzabe, ambao baba anabeba mtoto, anacheza naye, analala naye, na wakawapima Wadatoga, jirani zao wafugaji, ambako kulea kichanga si kazi ya baba. Kwa Wahadzabe, wanaume wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana.

Mke wangu akatazama mlango wa chumba cha binti yetu mkubwa, aliyekuja kwetu na kichanga cha miezi mitatu ambacho usiku tumbo linakisokota.

"Utafiti ni wa baba," nikawahi. "Mimi ni babu."

"Babu ni baba aliyechelewa," akasema mke wangu. Kikao kikafungwa.

Tangu siku hiyo zamu yangu ni saa tisa usiku hadi majogoo. Nambeba mjukuu begani, nazunguka naye uani, namuimbia nyimbo za jeshi la kujenga taifa, maana nyingine sizijui. Kama kuna kitu kimeshuka mwilini mwangu ni mabega.

Ijumaa iliyopita jirani yetu alioza binti. Karamu ilikuwa nzuri. Katika sinia letu kulikuwa na paja la jogoo, gumu, la mnyama aliyeishi na madaraka, na nikalitambua. Nililila bila kinyongo.

Alfajiri ya Jumamosi niko uani na mtoto begani. Saa kumi kasorobo ikafika. Kimya. Nikasikia mbwa wa mbali, nikasikia pampu ya maji ya mtaa wa pili. Jogoo wangu yuko kwenye tawi la mpera, amenyoosha shingo, kichwa amekielekeza upande wa jirani. Anasubiri. Nikajikuta na mimi nasubiri. Akageuza jicho moja, akageuza la pili. Akajitikisa manyoya. Halafu akawika.

Haikuwa ile sauti ninayoijua, ya kuitikia. Hii ilitoka chini kabisa, ikapanda, ikajaa ua, ikavuka michongoma.

Dirisha la mpwa wangu likafunguka. "Umesikia, Mjomba? Na Nagoya walimtoa wa kwanza, wa pili akaanza!"

Dirisha la jirani nalo likafunguka. "Mzee mwenzangu, sisi tumelala saa nane na wageni. Huyo jogoo wako vipi?"

Nilitaka kuomba radhi, naapa. Lakini mgongo ulikuwa umeshanyooka wenyewe, kifua kiko mbele, na sauti ilipotoka ilikuwa ile ya siku tisa.

"Tutaliangalia," nikasema.

Mjukuu akacheua maziwa, ya moto, kutoka begani hadi kiunoni, kisha akaanza kulia.

"Sawa, mkuu," nikamwambia, kwa puani, nikaenda kutafuta kitambaa.